Mwenzako Yupo?

Wifi yangu alipoleta habari ya kwenda kutazama mlima wa moto nilikuwa na pini mdomoni, kwa hiyo sikuweza kumwambia papo hapo kwamba amerukwa na akili. Nilimaliza kubana pindo, nikazitema pini kiganjani, ndipo nikamwambia.

"Wifi, umerukwa na akili. Mlima unatema moto, wenye akili zao wanaukimbia, sisi twende tukautazame?"

"Hautemi kila siku," akajibu huku miguu yake ikiendelea kukanyaga cherehani. "Siku nyingi unafuka tu. Watu wanapelekwa asubuhi, jioni wanarudishwa. Kuna kiongozi, kuna helmeti, kuna chai. Nimeshapanga kila kitu, ni zawadi yangu kwako. Lini ulitoka humu ndani kwa jambo lisilo msiba wala kununua vifungo?"

Lini kweli. Duka letu la ushonaji ni chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Meza ya kukatia iko katikati, cherehani iko chini ya dirisha, pasi iko kwenye kona karibu na soketi inayocheza, na nyuma ya mlango kuna kioo ambacho wateja hujitazama humo wakajidanganya. Mimi nakata, yeye anashona. Mtaani hakuna anayetuita kwa majina tuliyopewa na wazazi. Mimi ni Mkasi, yeye ni Sindano, na mteja akimkuta mmoja wetu peke yake huuliza kwanza, "Mwenzako yupo?" kama vile nusu ya duka imefungwa.

Wengi wana visa vibaya vya mawifi. Mimi sikuwa navyo. Nilipoolewa na kaka yake, mama yangu alinikalisha chini akaniambia, mume utamzoea, jihadhari na dada yake. Ikawa kinyume. Mume wangu ni dereva wa malori ya safari ndefu, nyumbani anaonekana kwa kuvizia, na akionekana amelala. Aliyenishika mkono nikijifungua ni wifi. Aliyekaa na wanangu nilipolazwa ni wifi. Aliyeniuliza, mwaka niliokuwa nimekata tamaa, "Unajua kukata, mimi najua kushona, tunangoja nini?" ni wifi huyo huyo. Kwa mume niliposwa tu, lakini wifi nilimchagua mwenyewe.

Hata neno lenyewe lilikuwa utani wetu. Yeye ana kaka mmoja tu, naye ni mume wangu. Marehemu mumewe alikuwa mtoto wa pekee, hana dada hata wa kusingiziwa. Kwa hiyo nilikuwa nikimwambia, "Jina la wifi ukilisikia nyuma yako barabarani geuka bila wasiwasi, ujue ni mimi. Hakuna mdomo mwingine duniani wenye haki nalo." Naye hucheka hadi sindano ikakata uzi.

Basi nilikubali. Nilijikatia hata suruali mpya ya kupandia mlima, yenye mifuko mingi kuliko vitu vya kuweka.

Tulikusanyika alfajiri kwenye ua wa ofisi moja ndogo, helmeti zimetundikwa ukutani kwa misumari, kila moja ina jasho la watu waliotangulia. Kiongozi wetu alikuwa mtu mfupi mwenye filimbi shingoni na viatu vilivyoungua visigino. Alijitambulisha kwa jina la Kiongozi na hakutaka tumwite vingine.

"Wenzangu wanahesabu vichwa," alisema. "Mimi sihesabu. Vichwa vinadanganya. Huku kwangu kila mtu ana mwenzake, na nikiuliza, hamnijibu habari zenu. Aliyetumbukia shimoni hawezi kuniambia hayupo. Nitauliza, 'Mwenzako yupo?' Utageuka, utamtazama kwa macho yako, ndipo useme yupo. Si kwa mazoea. Kwa macho. Na ukisema hayupo, hakuna gari linaloondoka, tunarudi wote kumtafuta. Tumeelewana?"

Wifi aliniminya mkono. "Kama dukani," akaninong'oneza, tukacheka kama wasichana.

Aliyefika mwisho alikuwa mwanamke kijana mwenye kitambaa cha njano kichwani. Mimi watu siwaanzi usoni, nawaanza mabegani, na bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka kama upana wa kidole. Mtu wa namna hiyo ukimkatia sawasawa, shingo ya gauni humvuta upande mmoja akaonekana kama ametoka kugombana.

"Huyu nimeshamkatia," nikamwambia wifi kwa sauti ya chini. "Si yule wa gauni la krimu?"

Gauni la krimu nilikuwa nalikumbuka vizuri. Wifi aliniletea kazi hiyo siku moja mvua ikinyesha, akanitajia vipimo kwa mdomo, akasema mteja hana nafasi ya kuja, na kwamba niangalie bega la kushoto. Kitambaa kilikuwa kizito, cha kung'aa, cha harusi. Nilikilowesha usiku kucha kabla ya kukigusa na mkasi, kwa sababu kitambaa kisipoloweshwa kwanza kitakuja kunywea kikishakuwa nguo, na hapo lawama ni ya fundi. Kulipima gauni mwilini alikwenda wifi mwenyewe, nyumbani kwa mteja, kila mara. Nililiwazia sana bega lile. Mwisho nikakata ua dogo kwa mabaki ya kitambaa hicho hicho, nikamwambia wifi alishone juu ya bega lililoshuka, ili macho ya watu yakifika pale yapate kitu kingine cha kutazama. Mteja hakuwa ameliagiza. Nilijisikia tu kumfichia.

"Mabega yaliyoshuka yamejaa duniani," wifi akanijibu bila kumtazama yule binti. "Leo mapumziko. Acha kupima watu."

Kiongozi alimpanga Njano, ndivyo nilivyomwita kimoyomoyo, na mwalimu mmoja mstaafu mwenye kamera. Mke wa mwalimu alikuwa amegoma kuja, akisema moto anauona jikoni kila siku na hajawahi kulipiwa nauli ya kuutazama. Mimi na wifi, bila shaka, tulikuwa wawili.

Ndani ya gari wifi alitoa kikapu chake, chai, mkate na mayai ya kuchemsha. Akaniwekea yai kwenye mkono. Kisha akageukia kiti cha nyuma, akachukua lingine, akalimenya taratibu mpaka likabaki jeupe, akampa yule Njano. Nilishangaa. Wifi yangu hamenyei mtu yai. Mimi hata nikiumwa hunitupia na ganda lake.

"Umempenda mgeni wako," nikasema.

"Yuko peke yake, masikini. Sogea uongee naye, ni mtu mzuri."

"Umemjuaje kama ni mtu mzuri?"

"Sura yake tu."

Nikasogea, kwani roho yangu nyepesi ikishakunywa chai. Binti alikuwa na adabu ya kupitiliza. Aliniita dada, akaubeba mfuko wangu gari liliposimama, na nilipompa karatasi ya kufutia mikono aliishika kwa mikono miwili akasema, "Asante sana dada, kwa kila kitu." Nikaona shukrani imekuwa kubwa kuliko karatasi, lakini adabu haina kipimo, nikaiacha. Wifi alikuwa akitutazama huku amejawa na furaha kama mama aliyefanikiwa kuwalisha watoto wawili kwa kijiko kimoja.

Mguu wa mlima ulikuwa mweusi. Hakuna nyasi, hakuna mdudu, changarawe tupu zinazovunjika chini ya kiatu, na jivu laini linaloingia hata mahali palipofungwa. Harufu ya kiberiti ilitushukia mapema. Mwalimu akasema inanuka mayai viza, kila mtu akakitazama kikapu cha wifi, tukacheka. Tulivaa barakoa, tukapanda kwa mstari, na kila kona Kiongozi akisimama na kupuliza filimbi.

"Mwenzako yupo?"

Nilikuwa nikigeuka kwa hamu. "Yupo!"

"Na wako?"

"Yupo," wifi akajibu, anahema, ameniegemea.

"Mlima huu msiusingizie hasira," Kiongozi alituambia tulipokaribia juu. "Una kiungulia tu. Ukicheua, msikimbie. Anayekimbia anakimbilia jiwe. Simama, tazama juu, ujue jiwe linaangukia wapi, kisha ujitoe. Na ukingoni kila mtu amshike mwenzake mkono, asimwachie hata akiwashwa pua."

Nikamshika wifi. Kiganja chake nakijua, kina sugu ya sindano kwenye kidole cha kati, na siku hiyo kilikuwa na jasho. Nikadhani ni hofu ya mlima.

Sitasema uongo, palikuwa pazuri. Shimo lilikuwa pana, kuta zake zimepakwa njano na kijivu, na chini kabisa, moshi ulipopasuka, uliona uji mwekundu unatokota polepole, unatoa povu moja, unanyamaza, unatoa lingine. Joto lake lilitugusa kope. Nilifikiri habari za wanangu, kwamba nitawaeleza vipi rangi ile. Nilimfikiria hata mume wangu, kwamba akirudi wiki ijayo nitamwambia yeye na lori lake hawajafika nilikofika mimi. Nilikuwa na furaha kamili, ya kijinga, ya mtu ambaye hajui.

Ndipo mlima ukacheua.

Ardhi ilisukumwa kutoka chini, kishindo kikatupiga kifuani, na kutoka ndani ya shimo mawe mekundu yakaruka juu, mengi, yakapungua mwendo, yakaanza kurudi yalikotoka. Hakuna lililotufikia. Lakini hilo tulilijua baadaye. Wakati ule nilisikia sauti ya mwanamke ikipiga kelele nyuma yangu.

"Wifi! Wifi, nishike!"

Niligeuka. Mtu akiita wifi mimi hugeuka, na mimi ni wifi wa mtu. Lakini macho ya yule binti hayakuwa kwangu. Yalikuwa kwa Sindano. Na mkono uliokuwa umenishika, wenye sugu kwenye kidole cha kati, haukuwa tena mkononi mwangu. Ulikuwa umeshafika kwake, umemkumbatia kiunoni, umemvuta kutoka kwenye kamba ya kinga ya ukingoni, na mdomo wa wifi yangu ulikuwa ukisema, "Nipo, nipo mama, usiogope."

Mimi nikabaki na mkono mtupu mbele ya shimo la moto.

Kiongozi akapuliza filimbi. "Mwenzako yupo?"

"Wangu yupo," alisema mwalimu, akikung'uta jivu kwenye kamera, "ila ameshikwa na mtu mwingine."

"Na wako?" Kiongozi akamwuliza wifi.

"Yupo," wifi akasema. Hakugeuka. Alisema kwa mazoea, macho yake yako chini kwenye jivu.

Zamu yangu ilipofika nikatikisa kichwa juu-chini, na Kiongozi akaipokea ishara hiyo kwa kuwa alikuwa akituharakisha tuteremke. Kichwani mwangu hakukuwa na mlima tena. Kulikuwa na hesabu moja fupi. Kaka mmoja. Marehemu asiye na dada. Neno moja. Mtu halikosei neno hilo kwa hofu. Kwa hofu mtu huita mama, au Mungu, au jina la yule aliyezoea kumwita.

Tulipofika mahali pa kupumzika, chini ya mwamba unaokinga upepo, nilimvuta wifi kando, nje kwenye upepo, mbali kidogo na wengine.

"Yule ni nani wako?"

"Wifi, tulia kwanza, unywe maji."

"Sina kiu. Amekuita wifi. Wewe una kaka mmoja. Shemeji, Mungu amrehemu, hakuwa na dada. Nitajie njia ya tatu ya mtu kukuita wifi nami nitakuomba radhi hapa hapa mbele ya watu."

Alifungua kizibo cha chupa akakifunga. Akakifungua tena.

"Amemwoa," akasema. "Kaka amemwoa."

"Lini?"

"Lile gauni..."

Hakumaliza, wala sikuhitaji amalize. Nililiona gauni zima, limelala juu ya meza yangu, chaki yangu juu yake.

"Nilimkatia mimi," nikasema. "Uliniletea nimkatie mimi."

"Ningempelekea nani? Nani mwingine anaweza bega lile?"

Ninaapa alisema hivyo, na alisema kama sifa. Nilitaka kumpiga. Mimi si mtu wa kupiga, hata watoto wangu nawapigia kelele tu, lakini pale nilikunja vidole nikavikunjua ndani ya mifuko ya ile suruali.

"Tangu siku ile tumekaa chumba kimoja," nikamwambia. "Tumekula sahani moja. Umenisikiliza nikilalamika kwamba safari zake zimekuwa ndefu, ukaniambia barabara mbovu."

"Alinisihi nisiseme. Alitaka kukwambia mwenyewe akirudi wiki ijayo, na aliniomba nikuandae kidogo. Nikaona, mkizoeana kwanza, mkicheka pamoja, mkipanda mlima pamoja, habari itakuwa nyepesi. Wifi, si wewe unayesema kila siku? Kitambaa kiloweshwe kwanza, ndipo kikatwe."

Kwa hiyo zawadi ilikuwa hiyo. Helmeti, chai, yai, "lini ulitoka humu ndani," vyote. Nilivishwa kilemba cha ukoka, nami nikageuza shingo kikae vizuri.

"Kitambaa!" nikasema, na wengine wakageuka kututazama. "Kitambaa hakina mtu kinayemwamini."

"Ni kaka yangu," akasema, machozi yameanza. "Ungekuwa mimi ungefanya nini? Damu nzito kuliko maji."

"Na mimi ndiyo maji."

Akafunga kizibo.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa nimeikata nguo yenyewe. Mume wangu sikumfikiria hata kidogo wakati ule, na baadaye nilipomfikiria hasira juu yake ilikuwa nyepesi kuibeba. Mwanamume wa barabarani ana njia zake, kila mwanamke wa dereva amewahi kulala akiwaza hivyo, akajifunika shuka akalala. Nilikuwa na mahali pa kuiweka hasira hiyo. Ila hii ya wifi haikuwa na mahali. Kila nilipotaka kuiweka nilikuta yeye ndiye ningemwendea kumwambia.

Nikiwa nimesimama hivyo yule binti akaja. Alikuwa amevua helmeti, kitambaa cha njano kimejaa jivu. Hakuwa amesikia tulichosema, upepo ulikuwa unavuma kutoka kwao kuja kwetu. Alikuja akitabasamu kwa aibu, akaninyooshea mkono.

"Dada, samahani kwa kelele zangu kule juu. Na samahani nimejisahau nikaita vile. Wifi aliniambia leo tujifanye hatujuani, eti unapenda kumjua mtu taratibu. Lakini nimeshindwa kunyamaza. Nataka kukushukuru."

"Kunishukuru."

"Kwa kukubali. Nilipoambiwa mke mkubwa amekubali kwa moyo mweupe sikuamini. Hata nikipimwa gauni nilisema, hayo maneno tu, siolewi. Ndipo wifi akaniletea gauni limekwisha. Akaniambia, tazama, amekukatia kwa mkono wake mwenyewe. Na lile ua la begani..." Akaligusa bega lake la kushoto bila kujua. "Tangu nikiwa mdogo watu wananicheka bega hili. Wifi akasema ua hukuambiwa na mtu, umeliweka kwa kupenda, ndiyo baraka yako. Nililia, dada. Hapo ndipo nikakubali."

Nilimgeukia Sindano. Alikuwa amefumba macho.

Kila alichosema binti kuhusu gauni na ua kilikuwa kweli. Ua sikuambiwa na mtu. Nililiweka kwa kupenda. Kwa ua hilo wifi yangu hakuwa na haja hata ya kutunga uongo, alichukua wema wangu alioufahamu kuliko mtu yeyote, akaupeleka mahali ukanisemee ndiyo. Nimeibiwa vitu maishani. Nimeibiwa pasi, nimeibiwa simu. Sijawahi kuibiwa kitu kama kile.

Nilijaribu kumchukia yule binti. Nilijaribu kwa nguvu zangu zote, ingekuwa rahisi, na watu wangenielewa. Lakini nilishamwonea huruma kabla sijamjua, na huruma ikishakatwa haiungiki tena kuwa kitu kingine.

"Mimi sikukubali," nikamwambia. "Sikuulizwa. Nimejua leo, kule juu, kwa mdomo wako."

Tabasamu lilimtoka polepole. Alinitazama mimi, akamtazama Sindano.

"Ulisema anajua," akamwambia.

"Nilitaka amani," Sindano akasema. "Nilitaka tu tuwe na amani."

"Ulisema anajua!" Binti akarudia, safari hii kwa sauti iliyomfanya mwalimu ashushe kamera yake. Kisha akavaa helmeti akaenda kusimama upande wa mwalimu, bega limeshuka kuliko asubuhi.

Tuliteremka. Changarawe zilikuwa zikitutangulia, na mara mbili wifi aliteleza nyuma yangu, nikasikia mkono wake ukitafuta bega langu kama ulivyozoea, halafu ukakumbuka ukarudi. Kiongozi alieleza jambo kuhusu mwaka ambao mlima ulimwagika upande wa pili, na mwalimu akauliza maswali mengi kwa niaba ya watu wote, Mungu ambariki.

Gari lilikuwa limewashwa tulipofika. Dereva alikuwa na haraka, vumbi jeusi limetujaa kwenye masikio, watu wanataka kukaa tu. Kiongozi akasimama mlangoni na filimbi yake.

"Mara ya mwisho, kisha tunaondoka. Mwalimu, mwenzako yupo?"

Mwalimu aligeuka akamtazama binti vizuri, kwa huruma. "Yupo."

"Na wako?"

"Yupo," binti akasema.

"Mama wa kikapu, mwenzako yupo?"

Safari hii Sindano alinigeukia. Alinitazama usoni, macho mekundu. "Yupo," akasema. "Mwenzangu yupo."

"Na wewe mama mwenye mifuko, mwenzako yupo?"

Nikageuka kama tulivyofundishwa. Nilimtazama kwa macho yangu. Jivu lilikuwa limemkaa kwenye kope. Kwenye mkono wa blauzi yake uzi mweupe ulikuwa umening'inia, uzi wa dukani, na vidole vyangu vilitaka kwenda kuutoa, kama vilivyofanya kila siku ya maisha yetu. Nilivizuia. Nilitazama zaidi. Nilimtafuta yule aliyenishika mkono nikijifungua, yule aliyeniuliza tunangoja nini. Nilimtafuta kwa haki kabisa, sikumpunja.

"Hayupo," nikasema.

Kiongozi akacheka. "Mama, si huyo amesimama mbele yako?"

"Umesema nimtazame kwa macho, nisijibu kwa mazoea. Nimemtazama. Hayupo."

Kicheko kikamwishia. Alimtazama Sindano, ambaye alikuwa amejifunika uso kwa viganja, akanitazama mimi, kisha akageuka kwa dereva akainua mkono. Dereva akazima gari.